Jezi Kumi na Nne Juu ya Jiwe

Tatu bila.
Gunia limeletwa alfajiri, limelowa, zito kama maiti,
na kijana wa bodaboda amelibwaga mlangoni bila salamu
utadhani ni mimi niliyeruhusu bao la kwanza.

Mwaka wa sita huu nawafulia timu ya Igogo.
Mpira wa redioni, wenye maneno marefu, siuelewi.
Mimi nausoma kwa uchafu.

Namba moja, Magesa:
tope ubavu wa kulia, toka kwapa hadi pindo.
Ubavu wa kushoto ungeweza kwenda harusini.
Mabao yote matatu yalipita kushoto.
Watu wa Geita walishamsoma,
sisi tunaokula naye tulikuwa tunamshangilia.

Namba tatu, Kulwa:
mgongo safi. Kifuani madoa, mengi, madogo madogo,
tope lililorushwa na visigino vya mtu
aliyekwisha kumpita.

Namba kumi inanukia marashi.
Dakika tisini, mvua juu, na bado marashi!
Hii nimeichovya mara moja tu, nikaikamua.

Ya Majura, namba nane, nimeisugua taratibu kama mgongo wa mtoto.
Kola imechanika, chumvi ya jasho imechora visiwa.
Huyu alikimbia mbio zake
na za wawili wengine ambao sitawataja,
majina yao yako humu humu kwenye beseni.

Namba tisa haina doa. Wanamzomea sokoni, hadi Mwaloni kwenye dagaa.
Mimi simzomei.
Chakula kisichopakuliwa utakilaje?

Jua la Kirumba likatoka, nikapanda na beseni juu ya jiwe,
nikaanza kutandaza.
Sikukusudia kitu. Mkono tu ulizoea:
kipa huku kwenye ufa, mabeki wanne,
viungo wanne, wawili mbele wakitazama ziwa.
Nikarudi nyuma kuchukua vibanio
na hapo akatua korongo, yule mwenye upara,
mwendo wa karani aliyestaafu,
akakatiza uwanja wangu wote kwa miguu.
Hakukanyaga jezi hata moja.
Alipita kati ya Kulwa na Doto.

Pale.

Tumbo moja, siku moja, ziwa moja walinyonya,
na tangu Pasaka hawasemezani kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yao.
Mpira ukija katikati
kila mmoja anamwachia mwenzake, kwa heshima ya chuki.
Mwalimu Lubango jana alisema refa.
Alisema pia uwanja uliteleza.
Uliteleza kwa Geita vilevile.

Chini kabisa ya gunia nilikuta kumi na saba,
ya yule mtoto Bugingo wa benchi.
Imekunjwa kama nilivyoikunja mwenyewe, Jumamosi tatu sasa,
bado ina harufu ya sabuni yangu ya mche.
Kasoro kola.
Kola imetafunwa. Meno yanaonekana, nyuzi zimetoka.
Kuna mtu mmoja basi
aliyecheza mechi yote kwa mdomo.

Nikaiondoa ile ya marashi, nikaianika kivyake kwenye waya.
Kumi na saba nikailaza mahali pake.
Mkono wa jezi ya Doto nikauvuta
mpaka ukalala juu ya bega la Kulwa,
nikauwekea kokoto, maana upepo wa ziwani hauna adabu.

Korongo akarudi. Akasimama. Akazunguka kwa nje.

Najua, korongo si mshambuliaji wa Geita.
Na mimi ni mfua nguo tu, ninayedai mshahara wa miezi miwili.

Simu ikalia saa saba.
"Mama Nkwimba, jezi zimekauka?"
Zimekauka, mwalimu.
Ila leo usimtume bodaboda.
Njoo mwenyewe, panda huku juu ya jiwe,
njoo kabla sijazianua.